Neno la Leo: Injili

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alipofika Mombasa mwaka 1844, hakuhitaji kubuni jina la habari aliyoileta. Waswahili walikuwa nalo. Injili imetajwa katika Kurani kuwa kitabu cha Nabii Isa, na neno hilo la Kiarabu asili yake ni Kigiriki, euangelion, yaani habari njema.

Kiswahili kililipokea, kisha kikalizalisha. Kiambishi -isha kikatupa kuinjilisha. Tukapata pia uinjilisti na mwinjilisti. Hapo ndipo wengi hujikwaa, wakidhani mwinjilisti na mmisionari ni mtu yuleyule. Mmisionari hutumwa kuvuka mipaka, kama Krapf. Mwinjilisti aweza kuwa jirani yako: katika makanisa ya Kilutheri Tanzania, ndiye mara nyingi anayeongoza ibada mtaani, chini ya mchungaji wa usharika. Na wale Mathayo, Marko, Luka na Yohana huitwa wainjilisti kwa sababu ya vitabu vyao vinne.

Basi waandishi wa habari, mgeni aliyetumwa kuhubiri ugenini mwiteni mmisionari. Mwinjilisti asiyetoka kijijini kwake msimpe pasipoti.