Kalamu Mbele ya Mfalme: Michoro ya Felipe Guaman Poma de Ayala na Hukumu juu ya Wachungaji

Utangulizi

Wanafunzi wa historia ya Kanisa wamezoea kusoma habari za misheni kutoka kwa wale waliotumwa. Barua zao, taarifa zao na shajara zao ndizo zilizotunzwa katika nyumba za kumbukumbu. Sauti ya wale waliopokea Injili husikika mara chache, na mara nyingi huwa imepitia kalamu ya mtu mwingine. Kwa sababu hiyo kitabu kimoja kilichoandikwa kwa mkono, kinachotunzwa katika Maktaba ya Kifalme ya Copenhagen nchini Denmark, kinastahili kuangaliwa kwa makini. Kina kurasa karibu 1,190, na 398 kati yake ni michoro ya ukurasa mzima iliyochorwa kwa kalamu na wino. Mwandishi na mchoraji wake alikuwa mwenyeji wa milima ya Andes nchini Peru, Felipe Guaman Poma de Ayala, aliyekimaliza mnamo mwaka 1615.

Katika makala hii nakusudia kuonyesha kwamba michoro hiyo haikuwekwa kuwa pambo la kitabu. Ni mashtaka yaliyoletwa na Mkristo dhidi ya watawala na watumishi wa Kanisa lake, na kipimo alichowapimia ni mafundisho yale yale aliyoyapokea kutoka kwao.

Mtu na Kitabu Chake

Wahispania walimkamata Atahualpa, mfalme wa Wainka, pale Cajamarca mwaka 1532, wakamwua mwaka uliofuata. Guaman Poma alizaliwa katika miaka iliyofuata baada ya hapo. Lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kikechua, na majina yake mawili ya asili yana maana ya kipanga na puma, wanyama wenye heshima katika nchi yake. Alijifunza Kihispania na kusoma, akawa mkalimani wa Cristóbal de Albornoz, mkaguzi wa Kanisa aliyetumwa kuzima harakati iliyoitwa Taki Unquy. Wafuasi wa harakati hiyo walitangaza kwamba miungu ya zamani itainuka na kuwafukuza Wahispania. Basi, yeye aliyekuja kulishtaki Kanisa alianza akiwa upande wake, na hakuiacha imani hadi mwisho.

Baadaye alidai ardhi ya ukoo wake karibu na Huamanga, mji ambao leo huitwa Ayacucho. Kesi hiyo ilimgeukia. Mwaka 1600 alihukumiwa kupigwa viboko 200 na kufukuzwa katika mji huo kwa miaka miwili. Hapo mlango wa mahakama ulifungwa mbele yake, naye akaamua kumfikia aliye juu ya mahakama zote. Tarehe 14 Februari 1615 alimwandikia Mfalme Felipe wa Tatu wa Hispania kumwarifu kwamba kitabu kimekamilika. Kwa hesabu yake mwenyewe, alikuwa na umri wa miaka 80.

Kitabu hakikuchapishwa. Kiliishia katika mkusanyo wa wafalme wa Denmark, kikakaa humo pasipo kujulikana na wengi hadi mwaka 1908, mtaalamu wa Kijerumani Richard Pietschmann alipokiona na kutambua thamani yake. Mwaka 1936 nakala ya picha za kurasa zake ilitolewa Paris, na mwaka 2001 Maktaba ya Copenhagen iliweka kurasa zote kwenye intaneti. Kwa hiyo barua iliyokusudiwa kwa mfalme mmoja sasa inaweza kusomwa na kila mtu.

Namna ya Michoro Yenyewe

Guaman Poma alichora kwa wino tu, pasipo rangi. Mistari yake ni minyofu na yenye nguvu. Alijifunza mengi kutoka kwa picha za vitabu vilivyochapishwa Ulaya, na pia kwa kufanya kazi pamoja na Martín de Murúa, mtawa wa shirika la Wamersedari, ambaye kitabu chake juu ya Wainka kina michoro iliyotoka mkononi mwa Guaman Poma. Tena alikipanga kitabu chake kama kilicho tayari kwenda kwa mchapaji: chenye kichwa juu ya kila mchoro, namba za kurasa, na chini ya ukurasa neno linaloanza ukurasa unaofuata.

Lakini aliyoyajifunza kwa wageni aliyatumia kusema la kwake. Anapomchora Adamu baada ya dhambi, anampa mkononi jembe la mguu la wakulima wa Andes. Anapouchora ulimwengu wote, anaiweka Peru juu, chini ya jua, na mji wa Cusco katikati ya miji mingine minne, kisha anaiweka Hispania chini yake. Mtaalamu wa hesabu za mafundo, aliyehifadhi kumbukumbu za Wainka kwa kamba, anachorwa kwa heshima anayostahili karani yeyote. Miezi ya mwaka pia inaonekana, na kazi za kila mwezi: kulima, kupanda, kulinda mashamba dhidi ya ndege na wezi, kuvuna mahindi na viazi. Ujumbe uko wazi. Watu hawa walikuwa na utaratibu, kazi na historia kabla ya kufikiwa na wageni, na wao ni wana wa Adamu sawasawa na wengine. Hoja hiyo ni ya kitheolojia kabla ya kuwa ya kisiasa.

Wachungaji Katika Michoro

Sehemu yenye uzito zaidi kwetu ni ile inayohusu mapadre wa mitaa. Mtaguso wa Tatu wa Lima, uliokutana mwaka 1582 na 1583, uliagiza mafundisho yatolewe kwa lugha za wenyeji, na katekisimu ya Kihispania, Kikechua na Kiaimara iliyochapwa Lima mwaka 1584 ndiyo kitabu cha kwanza kuchapwa Peru. Kwa hiyo agizo lilikuwapo, na kitabu kilikuwapo. Guaman Poma anaonyesha yaliyotendeka mitaani. Anachora mtawa Mdominiko mwenye hasira akimpiga mwanamke aliye kwenye kitanda cha kufumia nguo, maana mapadre waliwalazimisha wanawake kufuma nguo za kuuzwa. Murúa mwenyewe, aliyekuwa mwenzake wa kazi, hakuachwa: yumo akiwatendea wenyeji kwa ukatili. Guaman Poma anaigiza hata mahubiri ya mapadre waliokijua Kikechua kidogo tu, wakakitumia kutisha na kudai mali badala ya kufundisha.

Mchoro mmoja unajumlisha yote. Mwenyeji amepiga magoti katikati, mikono imeshikana kama ya mtu anayesali, na wanyama sita wamemzunguka. Joka ni mkuu wa wilaya. Chui ni Wahispania wapita njia wanaolala katika nyumba za wageni. Simba ni bwana aliyepewa na mfalme haki ya kutoza kodi na kazi. Paka ni karani wa mahakama. Panya ni chifu wa wenyeji wenyewe. Na mbweha ni padre. Tusipite haraka hapo. Mchungaji amehesabiwa miongoni mwa wanyama wanaowala kondoo, jambo linalotukumbusha Ezekieli sura ya 34. Tena mchoraji hakuwaficha watu wa damu yake: panya naye yumo.

Hata hivyo hakuwahukumu watumishi wote kwa pamoja. Wafransisko na Wayesuiti anawasifu kwa unyenyekevu na upendo wao kwa maskini. Hilo laonyesha kwamba hakuwa na ugomvi na ofisi ya uchungaji. Aliona kwamba waliopewa ofisi hiyo waliweza kuitumikia vizuri, na ndiyo maana waliofanya kinyume hawakuwa na udhuru.

Sisi Walutheri tunaijua picha inayoshtaki. Mwaka 1521 Lucas Cranach alitoa pale Wittenberg picha 26 zilizomlinganisha Kristo na papa, mbili mbili. Tofauti ni kwamba Cranach alikuwa na mchapaji, na mtawala wa Saksonia nyuma yake. Guaman Poma alikuwa na kalamu tu, na aliowashtaki ndio walioshika mamlaka juu yake.

Mipaka ya Shahidi Huyu

Haitupasi kumfanya mtakatifu. Madai yake binafsi ya ardhi na cheo yamechanganyika na kilio cha watu wake, na anajitangaza kuwa mwana wa watawala. Aliwadharau watu wa damu mchanganyiko, akataka mataifa yakae mbalimbali. Kuhusu Waafrika walioletwa utumwani, alichora waumini waliotoka Guinea wakisali rozari mbele ya picha ya Mariamu, akawasifu kwa imani yao. Lakini Waafrika waliozaliwa huko Amerika aliwasema vibaya.

Wala michoro yake haitoi kila jambo kama lilivyotukia. Atahualpa alinyongwa, lakini Guaman Poma anamchora akikatwa kichwa, karibu sawasawa na anavyomchora Túpac Amaru, Mwinka wa mwisho, ambaye kweli alikatwa kichwa Cusco mwaka 1572. Kwake vifo hivyo viwili vilikuwa tendo moja. Mwanahistoria asahihishe tukio, lakini asiipuuze maana ambayo walioumizwa waliliona nalo.

Hitimisho

Kuna mchoro ambamo Mfalme Felipe ameketi katika kiti chake, na Guaman Poma amepiga magoti mbele yake, kitabu mkononi, akijibu maswali ya mfalme. Mkutano huo haukutokea kamwe. Mzee huyo alichora alilolitamani: kwamba mwenye mamlaka amwulize mdogo, kisha anyamaze asikilize. Mara nyingi anarudia kulalamika kwamba mambo haya hayana dawa, na bado aliendelea kuchora. Ukurasa baada ya ukurasa, alitenda kama mtu anayeamini kwamba maovu yakishaonwa yanaweza kukomeshwa.

Mapadre wa Peru walipofundisha Amri Kumi, walimpa Guaman Poma vipimo vya kuwapimia wao wenyewe. Kila ahubiriye Neno hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa Neno halibaki mali ya mhubiri. Msharika aketiye kimya kwenye benchi la nyuma ameyasikia mahubiri yetu, na anayaona maisha yetu: tunavyopokea sadaka, tunavyosema na wajane, tunavyowatumia vijana wa usharika katika kazi zetu wenyewe. Huenda hana kalamu wala mfalme wa kumwandikia. Basi ni juu yetu kumwuliza angali hai anaona nini, na kumsikiliza kabla hajatuhesabu pamoja na mbweha.