Kipimo Kilichopimwa kwa Kisu

Ukitaja altrasaundi, wengi humfikiria mtoto tumboni, ingawa kipimo hiki kilijijengea jina Glasgow, Uskoti, kwa kuchunguza uvimbe. Julai 1955 Profesa Ian Donald alipakia kwenye buti za magari mawili uvimbe uliokwisha kutolewa kwa wagonjwa, fibroidi na uvimbe maji wa ovari, akaupeleka kiwanda cha maboila cha Babcock & Wilcox, Renfrew. Pale palikuwa na mashine ya mawimbi ya sauti ya kutafutia nyufa ndani ya chuma. Wenyeji wakamwekea na bonge la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Majibu hayakufanana hata kidogo: ndani ya uvimbe maji sauti ilipita bila kizuizi mpaka ukuta wa nyuma, ndipo mwangwi ukarudi, fibroidi ilirudisha mwangwi tangu mwanzo, ukififia kadiri sauti ilivyozama.

Nadhani kilichoipa altrasaundi heshima ni meza ya upasuaji kuliko mashine yenyewe. Uvimbe wa nyonga hutolewa, ukachanwa, ukaonekana kwa macho. Picha ya uongo huumbuka mapema. Atakayepinga atauliza, mbona Karl Dussik wa Austria alishajaribu kupiga picha ya ubongo miaka ya 1940? Kweli alitangulia, ila picha zake zilikuja kuonekana kuwa kwa kiasi kikubwa zimetokana na fuvu lenyewe, na nani angelifungua fuvu la mtu aliye hai ili kuhakiki? Huko Denver, Douglass Howry alipata picha safi, lakini mgonjwa alizamishwa majini, jambo ambalo mahututi asingeliweza. Donald na mhandisi Tom Brown waliweka kifaa juu ya ngozi ya tumbo.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mwanamke aliyedhaniwa ana saratani ya tumbo isiyotibika. Mashine ikaonyesha uvimbe maji mkubwa, ukatolewa, akapona. Mtu mmoja anaweza kuwa bahati tu, na pingamizi hilo ni la haki. Ndiyo maana uzito uko kwenye makala ya Donald, Brown na John MacVicar katika jarida la The Lancet, Juni 1958, iliyotokana na wagonjwa wapatao 100. Humo waandishi wenyewe walionya kwamba uamuzi wa daktari usiegemee bado kwenye picha zao.