Shirika Lililovunjika na Hesabu Iliyobaki



Hapa kwetu Nduruma, chini ya Mlima Meru, watu wanaishi kwa maji ya mto. Mto unateremka kutoka mlimani, na njiani umechimbwa mifereji. Walio juu hupata maji kwanza, na walio chini hungoja zamu. Wamo Waarusha, wamo Wameru, na wamo wengi ambao wazee wao walikuja kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge wakabaki. Zamu ikifuatwa, hakuna amuulizaye mwenziwe kabila lake. Zamu ikivunjwa, siku hiyo hiyo kila mtu huwa na kabila. Nimeyaona haya tangu utotoni, ndiyo maana nikiulizwa kwa nini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, jibu langu huanzia mferejini.

Vijana wengi hudhani Jumuiya tuliyo nayo leo ndiyo ya kwanza. Sivyo. Tangu mwaka 1948 Waingereza waliziweka Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya huduma za pamoja: reli, bandari, posta na ndege. Shilingi pia ilikuwa moja. Ulipokaribia uhuru, Mwalimu Nyerere alisema mwaka 1960 kwamba Tanganyika iko tayari kuchelewesha uhuru wake ili nchi hizi zipate uhuru pamoja na kuungana. Juni 1963 yeye, Mzee Kenyatta na Milton Obote walitangaza mjini Nairobi kwamba wataunda shirikisho mwaka huo huo. Shirikisho halikuja, na mwaka 1966 kila nchi ikatoa fedha yake.

Hata hivyo viongozi hao hawakukata tamaa. Tarehe 6 Juni 1967 walitia saini mkataba wa Jumuiya mjini Kampala, ukaanza kazi Desemba mosi, na makao makuu yakawa hapa Arusha. Mashirika nayo yakagawanywa kwa insafu: Reli na Ndege makao yake Nairobi, Bandari Dar es Salaam, Posta na Simu Kampala. Kila nchi ilikuwa na rais wake, jeshi lake na bendera yake, kwa hiyo halikuwa shirikisho kamili. Lakini barua iliyotoka Lamu kwenda Tanga ilibandikwa stempu yenye majina ya nchi zote tatu, na bandari za Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Mtwara zilikuwa chini ya shirika moja.

Basi, lilivunjika kwa nini?

Kwanza ni mizani ya biashara. Kenya ilikuwa na viwanda vingi zaidi, na bidhaa zake ziliuzwa kwa wenziwe kuliko za wenziwe zilivyouzwa kwake. Yeye ndiye aliyekuwa juu ya mfereji. Mkataba uliruhusu walio nyuma watoze kodi maalumu ili kulinda viwanda vyao vichanga, na ikaundwa Benki ya Maendeleo ya kuwasaidia. Dawa ilikuwa nzuri, lakini maradhi yalikwenda mbio kuliko dawa. Pili, njia zilitofautiana. Tanzania ilishika ujamaa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na Kenya ikashika njia ya mtaji wa watu binafsi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote. Mwalimu Nyerere akakataa kukaa naye meza moja. Simlaumu mtu kwa kuchukia dhulma, na dhulma za Amin zinajulikana. Lakini baraza la marais watatu, ambalo ndilo lililokuwa na neno la mwisho, halikukutana tena mpaka Jumuiya ikafa. Shirika ambalo wenyewe hawakai pamoja, hesabu zake zitakaguliwa na nani?

Na hesabu ndizo zilizoliua. Fedha zilizokusanywa na mashirika katika nchi moja hazikufika makao makuu kwa wakati. Madeni yakajaa, ndege zikalala chini. Mwanzoni mwa 1977 Kenya ikaunda shirika lake la ndege, na tarehe 4 Februari Tanzania ikafunga mpaka. Mwezi Juni ukaisha bila bajeti ya Jumuiya kupitishwa. Ikawa ndiyo mwisho wake.

Nilikuwa kijana wa chuoni wakati huo. Jirani yetu mmoja hapa Nduruma alikuwa mtu wa Mombasa, akifanya kazi mjini. Mama yake alifariki wakati mpaka umefungwa. Habari ilimfikia kwa barua, mazishi yamekwisha siku nyingi. Alipoisoma alikaa barazani asiseme neno, kisha akaja kumwomba mwalimu wetu, nasi tukamswalia marehemu swala ya ghaibu. Baadaye alituambia: "Sina ugomvi na mtu wa Namanga, wala yeye hana ugomvi nami." Mpaka huo haukufunguliwa mpaka Novemba 1983.

Ndugu Msomaji, kuvunja ni kazi ya siku moja, kugawana ni kazi ya miaka. Alitafutwa msuluhishi, Victor Umbricht wa Uswisi, akaifanya kazi hiyo tangu 1978. Makubaliano yalitiwa saini hapa Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya ikapata asilimia 42 ya mali, Tanzania 32, na Uganda 26. Serikali zikapata mafungu yao. Ama waliokuwa watumishi wa Jumuiya, wako waliokuwa bado wakidai malipo yao mahakamani hata baada ya mwaka 2000. Wengi walikufa wakingoja. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba ujira wa mfanya kazi usicheleweshwe.

Na yale majengo ya makao makuu mjini Arusha yakawa ukumbi wa mikutano. Tangu mwaka 1995 mahakama ya kimataifa ilikaa humo kusikiliza kesi za mauaji ya Rwanda. Nyumba iliyojengwa ili majirani waungane ikasikia habari za majirani waliouana. Yugoslavia nayo ilipoanza kuvunjika mwaka 1991, damu ya Waislamu wa Bosnia ilimwagika. Sisi, Kenya na Tanzania, tuligawana bila kupigana vita, na kwa hilo tumshukuru Mwenyezi Mungu.

Jumuiya ilihuishwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na leo ina nchi nane. Ni neema kubwa. Lakini katika miaka ya karibuni imesikika tena habari ya michango inayochelewa, na mwenye kukumbuka yaliyopita haachi kuingiwa na hofu.

Qurani Tukufu, katika Surat Swad, inatueleza katika kisa cha Nabii Daud (A.S.) kwamba washirika wengi hudhulumiana, isipokuwa walioamini na kutenda mema, nao ni wachache. Na katika Surat al-Baqara tumeamrishwa deni liandikwe na mashahidi wawepo. Haya si ya marais peke yao. Tazama duka la ndugu watatu, tazama nyumba ya mirathi ambayo haijagawanywa miaka ishirini. Mkubwa hamwiti mdogo, kodi anakusanya mmoja, na hakuna anayeandika. Kisha siku ya kugombana tunasema, "Hawa watoto wa mama mwingine ndivyo walivyo." Kumbe hawakugombana kwa sababu ya mama zao, wamegombana kwa sababu ya daftari ambalo halikuwapo.

Basi kaeni pamoja hata mkiwa mmekasirikiana, andikeni, na mtumishi apewe chake kwanza. Na ikibidi kutengana, tenganeni kwa wema.

Mwenyezi Mungu atupe insafu katika mali tunazoshirikiana. Amin.