Fedha za umma za Ulaya kwa utafiti wa TEHAMA: zinafikaje Mbeya na Iringa, na mwananchi aulize nini?

Ukisafiri kwa barabara kutoka Iringa kwenda Dodoma, kabla ya kuvuka bwawa la Mtera utapita Izazi na Migoli. Katika vijiji hivyo viwili, mradi ulioanza mwaka 2017 ulifunga vituo vya intaneti isiyo na waya. Mwanakijiji mwenye simu janja aliweza kusogea karibu na kituo na kusoma, kwa Kiswahili, habari za kifua kikuu, UKIMWI na mnyoo tegu wa nguruwe, bila kununua bando. Aliyelipia gharama ni mlipakodi wa Norwei, kupitia Baraza la Utafiti la nchi hiyo.

Wengi wetu tumeona miradi ya aina hii. Gari lenye nembo linaingia kijijini, mkutano unaitishwa, watu wanajibu maswali kwenye tableti, kifaa kinafungwa juu ya paa la zahanati au shule. Baada ya miaka miwili au mitatu gari halionekani tena. Makala hii inaeleza fedha hizo zinatoka wapi, nani anaamua zitumike vipi, zilifikaje nyanda za juu kusini, na nini cha kuuliza mradi unapokuja kwako.

Fedha zinatoka wapi?

Ziko njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni Umoja wa Ulaya. Bajeti yake inatokana zaidi na michango ya nchi wanachama na ushuru wa forodha wa bidhaa zinazoingia katika nchi hizo. Sehemu ya bajeti hutengwa kwa ajili ya utafiti katika mipango ya miaka kadhaa. Mpango wa kwanza ulianza mwaka 1984, na tangu hapo teknolojia ya habari ilikuwa sehemu yake kubwa. Wakati ule Ulaya ilihofia kuachwa nyuma na Marekani na Japani katika kutengeneza kompyuta na vifaa vya elektroniki.

Mipango hiyo imekuwa ikikua. Mpango wa Saba, wa mwaka 2007 hadi 2013, ulikuwa na zaidi ya euro bilioni 50, na kati ya hizo zaidi ya bilioni 9 zilitengwa kwa TEHAMA. Ukafuata Horizon 2020, wa mwaka 2014 hadi 2020, wenye karibu euro bilioni 80. Wa sasa ni Horizon Europe, wa mwaka 2021 hadi 2027, ambao mwanzoni ulipangiwa euro bilioni 95.5.

Njia ya pili ni nchi moja moja. Norwei, kwa mfano, si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Inachangia mipango ya utafiti ya Umoja huo ili watafiti wake washiriki, lakini pia ina baraza lake la utafiti lenye fedha zake. Ufini nayo ilitoa fedha za ushirikiano wa maendeleo kwa mradi wa TANZICT, uliofanyika na serikali yetu kuanzia mwaka 2011 hadi 2016. Mradi huo ulisaidia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kukuza vituo vya ubunifu vya vijana, Iringa ikiwemo. Kabla ya hapo, mwaka 2007, chuo cha Tumaini Iringa, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianza kufundisha shahada ya teknolojia ya habari kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Ufini.

Nani anaamua?

Fedha za utafiti hazigawiwi kama mbegu za ruzuku. Zinashindaniwa. Tume ya Ulaya hutangaza tatizo inalotaka litafutiwe jibu, na vyuo, taasisi na kampuni huungana na kuandika andiko. Wataalamu wa kujitegemea hulisoma na kulipa alama kwa mambo matatu: ubora wa wazo la kisayansi, faida itakayopatikana, na uwezo wa waombaji kuitekeleza kazi.

Kwa kawaida kundi la waombaji huwa na taasisi tatu au zaidi kutoka nchi tatu tofauti za Umoja wa Ulaya au nchi zinazochangia mpango huo. Chuo cha Tanzania kinaweza kuingia kama mwenza wa ziada, na kwa kuwa nchi yetu iko katika kundi la nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kinaweza kulipwa moja kwa moja kutoka katika mfuko huo. Lakini safari huanzia kwao. Tangazo linaandikwa Brussels, na mara nyingi kiongozi wa kundi ni chuo cha Ulaya. Kijiji huingia mwishoni, kama mahali pa kufanyia majaribio. Ndiyo maana mwanakijiji akisema anachohitaji ni daraja, mtafiti humjibu kwamba fedha alizonazo ni za kupima programu ya simu. Hamdanganyi. Kila euro imeandikiwa kazi yake kabla hajapanda ndege.

Mfano wetu: mnyoo mmoja, mifuko miwili

Nyanda za juu kusini zinafuga nguruwe wengi, na nyama yake inapendwa kuanzia Mbeya hadi Makambako na Iringa. Pamoja na nguruwe kuna ugonjwa wa mnyoo tegu. Mtu akila nyama yenye chembe za mnyoo isiyoiva vizuri, anapata tegu tumboni. Mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi chake. Akijisaidia porini, nguruwe anayezurura hula kinyesi hicho na kupata chembe kwenye nyama yake.

Hatari kubwa zaidi ni pale mtu anapomeza mayai hayo, kwa mikono isiyooshwa, maji machafu au mboga isiyosafishwa. Chembe zinaweza kuota ndani ya ubongo wake na kumsababishia kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa, katika maeneo yenye mnyoo huu, karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wameupata kwa sababu hiyo. Katika jamii ambazo bado zinadhani kifafa ni kurogwa au laana ya ukoo, habari sahihi ni sehemu ya tiba.

Hapo ndipo TEHAMA ilipoingia. Kwa fedha za Mpango wa Saba wa Umoja wa Ulaya, kupitia mradi ulioitwa ADVANZ, watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen nchini Denmaki na wenzao walitengeneza programu ya kompyuta inayoitwa The Vicious Worm, yaani mnyoo katili. Ilitoka mwaka 2014. Ina sehemu tatu: kijiji kwa ajili ya wananchi wa kawaida, mji kwa ajili ya wataalamu, na jiji kwa ajili ya wanaopanga sera.

Programu hiyo ilipimwa mkoani Mbeya. Wataalamu 79 wa afya na kilimo waliulizwa maswali kabla ya kuitumia, mara baada ya kuitumia, na tena baada ya wiki mbili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa uelewa wao uliongezeka, na wiki mbili baadaye walikuwa bado wanakumbuka.

Lakini bwana mifugo kuwa na kompyuta ni jambo moja, na mfugaji wa kijijini kuipata habari hiyo ni jambo jingine. Mradi wa Izazi na Migoli, uliojulikana kwa jina la DigI, ulitaka kuvuka pengo hilo. Uliongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Chuo Kikuu cha Muhimbili na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, walishiriki. Vijiji vingine viwili vilikuwa mkoani Arusha: Esilalei na Selela.

Wazo lake ni rahisi kueleza. Maandishi na picha hutumia data kidogo, kwa hiyo yaweze kupatikana bure. Video hula data nyingi, hivyo anayezitaka katika intaneti ya kawaida anunue vocha. Masomo ya afya, pamoja na katuni zake fupi za Kiswahili, huwekwa ndani ya kompyuta ndogo iliyopo hapohapo kijijini, ili yafunguke bila kutegemea mtandao wa mbali. Kisha watafiti hulinganisha uelewa wa watu wa vijiji vilivyopata huduma na wa vijiji ambavyo havikupata.

Utafiti si huduma

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Fedha za utafiti hununua jibu la swali: je, njia hii inafaa? Hazinunui huduma ya kudumu. Jibu likipatikana na ripoti ikiandikwa, kazi iliyolipiwa imekwisha, hata kama kifaa bado kinawaka. Atakayelipia umeme, matengenezo na intaneti baada ya hapo lazima awe mtu mwingine: halmashauri, shule, zahanati, kampuni ya simu au wanakijiji wenyewe.

Huduma ya kudumu ina mfuko wake hapa nchini. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, nao hupata sehemu ya fedha zake kutoka kwa kampuni za mawasiliano ili kupeleka mtandao pale ambapo biashara peke yake haiwezi kuufikisha. Mwezi Mei 2023 serikali na kampuni za simu zilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Mnara wa namna hiyo haujengwi ili kujaribu wazo. Unajengwa ili watu wapige simu.

Kwa maoni yetu, njia hizi mbili zinahitajiana. Bila utafiti, tunaweza kujenga minara na bado mfugaji asijue kwa nini mtoto wake anaanguka. Bila huduma, tutapimwa maarifa kila baada ya miaka mitano na kuachiwa antena isiyo na umeme. Udhaifu upo katikati: siku mradi unapofungwa na hakuna aliyepangiwa kuupokea. Siku hiyo ijadiliwe kwenye mkutano wa kwanza, si wa mwisho.

Mradi ukija kijijini kwako, uliza haya

Kwanza, kibali. Utafiti unaofanywa na wageni nchini unahitaji kibali cha COSTECH, na utafiti wa afya unahitaji pia idhini ya maadili, ambayo kwa ngazi ya taifa hutolewa na NIMR. Mtendaji wa kijiji ana haki ya kuomba kuona barua hizo.

Pili, hiari yako. Unaweza kukataa kushiriki, au kujitoa katikati, bila kunyimwa matibabu wala huduma nyingine. Ukiombwa kusaini au kuweka dole gumba, usomewe kwanza kwa lugha unayoielewa.

Tatu, taarifa zako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinakusanywa kwa sababu gani na nani atazipata. Namba yako ya simu na habari za afya yako ni taarifa binafsi. Uliza kama zitapelekwa nje ya nchi.

Nne, fedha. Miradi inayolipiwa na mipango ya utafiti ya Umoja wa Ulaya huorodheshwa katika hifadhi ya wazi inayoitwa CORDIS. Humo hutajwa washiriki, kiasi cha fedha na tarehe za kuanza na kumaliza. Kijana mwenye simu janja anaweza kuusoma mradi huo kabla ya mkutano na kuwaeleza wazee.

Tano, matokeo. Omba watafiti warudi kuwaambia walichokikuta, hata kama ni kwa dakika kumi kwenye mkutano wa hadhara au redioni. Majibu mliyatoa ninyi, na matokeo yake mnastahili kuyasikia.

Sita, na kubwa kuliko yote: vifaa vitakuwa vya nani, na nani atavilipia mradi ukiisha? Jibu liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji, na jina la atakayehusika litajwe.

Kinachobaki

Kuna kitu ambacho kikifika hakihitaji umeme wala vocha. Mfungie nguruwe bandani. Jenga choo na ukitumie. Osha mikono. Ukinunua kitimoto, hakikisha imeiva hadi ndani, na ukiona chembe nyeupe kama punje kwenye nyama mbichi, usile na umwite bwana mifugo. Mwenye kifafa apelekwe kituo cha afya, kwa sababu kifafa kina dawa.

Maarifa haya yalipita Copenhagen, Oslo, Morogoro na Mbeya kabla ya kufika kwenye simu ya mtu wa Izazi. Yamelipiwa na walipakodi wa mbali, pamoja na muda wa Watanzania waliokubali kukaa na kujibu maswali. Mradi una tarehe yake ya mwisho. Aliyejifunza kupika nyama ikaiva hana tarehe hiyo, na anaweza kumfundisha jirani leo jioni.