Katuni Zilivyopelekwa Utotoni

Tarehe 21 Aprili 1954, mchapishaji mnene mwenye miwani aliketi mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani katika jengo la mahakama la Foley Square, New York. Jina lake William Gaines, umri miaka 32. Hakuburutwa, alijitolea mwenyewe kwenda kutoa ushahidi. Inasemekana alikesha akiandika utetezi wake kwa msaada wa vidonge vya kufukuza usingizi, na nguvu ya vidonge ikaanza kumwishia angali kitini.

Seneta Estes Kefauver akainua jalada la gazeti moja la Gaines la hadithi za picha. Mwanamume ameshika shoka kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili ameshika nywele za kichwa cha mwanamke kilichokatwa. Seneta akauliza: hii ni picha yenye staha? Gaines akajibu kwamba kwa jalada la gazeti la kutisha, ndiyo. Staha ingepotea, akaeleza, kama mchoraji angekiinua kichwa juu zaidi hadi damu ionekane ikichuruzika shingoni. Kesho yake jibu hilo lilikuwa ukurasa wa mbele wa New York Times, na Gaines alikuwa amekwisha.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kila nikimpendekezea mtu mzima kitabu cha katuni, hunitazama kama nimempa pipi. Anadhani mambo yalikuwa hivyo tangu zamani, kwamba katuni zilizaliwa kwa ajili ya watoto na watu wazima wakazidandia. Hata huko Marekani sivyo ilivyokuwa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wanajeshi walizisoma kambini kwa mafungu makubwa. Vita vilipokwisha, magazeti ya picha yakajaa ujambazi, mapenzi na mizimu, na wasomaji wake wengi walikuwa wamekwisha kuota ndevu.

Aliyewasha moto alikuwa daktari wa akili, Fredric Wertham, ambaye mwaka huohuo wa 1954 alitoa kitabu kilichodai kuwa katuni huwafundisha watoto uhalifu. Si haki kumchora kama mpumbavu. Mwaka 1946 alifungua kliniki Harlem iliyowatibu watu weusi kwa malipo kiduchu, na ushahidi wake kuhusu madhara ya ubaguzi ulitumika katika kesi zilizovunja shule za kutenganisha rangi. Lakini kwenye katuni aliteleza. Mtafiti Carol Tilley alipekua makabrasha yake na mwaka 2012 akaonyesha kwamba daktari alikuwa amegeuzageuza maelezo ya watoto aliowahoji, akiongeza hapa na kupunguza pale ili yakubaliane naye.

Seneti haikutunga sheria yoyote. Wachapishaji wenyewe, kwa hofu, waliunda bodi ya kujikagua na mnamo Oktoba 1954 wakapitisha kanuni zao. Maneno ya kutisha yasiwe kwenye majina ya magazeti. Wanyonya damu na wafu wanaotembea, marufuku. Polisi na mahakimu wasichorwe kwa namna ya kuwavunjia heshima. Talaka isifanyiwe mzaha. Wema lazima ushinde. Gazeti lisilokuwa na muhuri wa bodi mara nyingi halikupata msambazaji, na bila msambazaji hakuna duka. Uingereza nayo ilipitisha sheria yake dhidi ya magazeti hayo mwaka 1955. Ufaransa ilikuwa imetangulia mwaka 1949.

Kanuni hizo zililinda nini hasa? Tazama kilichompata Gaines. Mwaka 1953 alikuwa amechapisha hadithi fupi ya Al Feldstein, iliyochorwa na Joe Orlando. Mwanaanga aliyejifunika kofia ya kioo anatumwa kukagua sayari ya maroboti, aone kama inastahili kuingia katika muungano wa sayari. Anakuta maroboti ya rangi ya machungwa yanaishi vizuri, na ya buluu, ambayo ndani yana nyaya zilezile, yamesukumwa kwenye viti vya nyuma vya basi na kwenye mitaa ya pembezoni. Anainyima sayari hiyo uanachama. Katika picha ya mwisho, akiwa tena chomboni mwake, anavua kofia: ni mtu mweusi, jasho likimetameta usoni kama nyota za mbali.

Gaines alipotaka kuirudia hadithi hiyo gazetini, mkaguzi wa bodi, Hakimu Charles Murphy, akasema mwanaanga asiwe mweusi. Feldstein akamjibu kwamba basi hakuna hadithi. Gaines akatishia kuita waandishi wa habari. Mkaguzi akashuka kidogo: angalau futeni lile jasho. Gaines akamtukana kwenye simu, akaichapisha ilivyo, na lile likawa gazeti la mwisho la hadithi za picha kutoka kampuni yake. Alibakiwa na Mad, lililokwisha kugeuzwa kuwa jarida la kawaida mwaka 1955 na hivyo kuwa nje ya mamlaka ya bodi. Mpaka leo sijaona ni mtoto gani aliyeokolewa na vita vile vya matone ya jasho.

Miaka ya baadaye wakubwa walirudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1968 Robert Crumb na mkewe walikuwa wakiuza gazeti lake la Zap mitaani San Francisco, wamelipakia kwenye kigari cha kusukumia mtoto mchanga, nalo lilikuwa gazeti lisilofaa kabisa kwa watoto. Japani haikungoja hayo. Wachoraji kama Yoshihiro Tatsumi walikuwa wakiandikia watu wazima tangu miaka ya 1950.

Halafu akaja Will Eisner. Mzee huyu wa fani alikuwa amefiwa na binti yake, Alice, msichana wa miaka 16, kwa saratani ya damu. Kwa miaka hakulizungumza. Mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 61, alitoa A Contract with God, ambamo Myahudi mcha Mungu wa mtaa wa wapangaji huko Bronx anamzika binti yake na kugombana na Mungu uso kwa uso, mvua ikinyesha ukurasa mzima hadi herufi zenyewe zinaonekana kulowa.

Miaka minane baadaye likatoka juzuu la kwanza la Maus la Art Spiegelman. Baba yake, Vladek, alinusurika Auschwitz. Mwana amemwekea kinasa sauti na kuchora anachosikia, Wayahudi wakiwa na vichwa vya panya na Wanazi vya paka. Nguvu ya kitabu, kwa macho yangu, haiko kambini peke yake. Iko jikoni, mzee huyo bahili akihesabu vidonge vyake na kurudisha dukani boksi la nafaka lililokwisha kufunguliwa, huku mwanawe akikosa pa kuweka uso. Juzuu la pili lilipotoka mwaka 1991, New York Times waliliweka kwenye orodha ya vitabu vya kubuni. Spiegelman akawaandikia barua ya kejeli, nao wakalihamishia kwenye orodha ya mambo ya kweli. Mwaka uliofuata alipewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Hata hivyo Januari 2022, bodi ya shule ya kaunti moja ya Tennessee ilikiondoa kitabu hicho kwenye mtaala kwa kura kumi kwa sifuri. Mauzo yakapaa.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu sisi ugonjwa huu wa kudhani katuni ni za watoto hatukuugua wenyewe, tumeambukizwa. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliishi miongo mingi katika Taifa Leo, gazeti la watu wazima. Dar es Salaam, gazeti la Sani lililoanza miaka ya 1970 lilituletea Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Kipepe, wakiwa na ujanja wao wa mjini na vituko vyao, na Philip Ndunguru alikuwa miongoni mwa waliowachora. Yalikuwa mambo ya wakubwa. Sisi watoto ndio tuliodokoa. Na mwaka 1996 mchoraji Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichapisha Abunuwasi kupitia Sasa Sema ya Nairobi: visa vya yule mjanja anayejulikana pwani yote. Mtu mzima anayetaka kuanza na kitu cha lugha yake atafute hicho.

Akitaka kwenda mbali zaidi, nisingemwanzisha na Watchmen, ingawa kila orodha huitaja. Ni kazi kubwa, lakini inabishana na mashujaa wenye mavazi ya kubana, na asiyewajua ataona ugomvi wa familia isiyo yake. Nitampa Aya, ya Marguerite Abouet na Clément Oubrerie, iliyotoka mwaka 2005: wasichana watatu wa Yopougon, Abidjan, mwaka 1978, muziki, mimba isiyo na baba anayejulikana, na mashangazi wenye macho makali. Baada ya hapo Maus. Barefoot Gen ya Keiji Nakazawa ije baadaye. Mwandishi alikuwa na umri wa miaka sita Hiroshima ilipopigwa, ukuta wa shule ukamkinga, na hakutupunguzia kitu.

Kwa msomaji wa Kigoma naweka akiba Madame Livingstone, ya mwaka 2014, iliyoandikwa na Christophe Cassiau-Haurie na kuchorwa na Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani. Rubani Mbelgiji anafika Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza ili kuizamisha meli ya Kijerumani, Graf von Götzen. Anapewa kiongozi wa njia, mtu wa damu mchanganyiko avaaye sketi ya Kiskoti na kudai kuwa mwana wa David Livingstone. Wazungu humcheka. Kadiri kurasa zinavyokwenda, rubani anatambua nani kati yao anayeijua nchi ile. Kisa ni cha kubuni, meli ni ya kweli: Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na ndiyo MV Liemba. Kitabu kilitoka kwanza kwa Kifaransa, na tafsiri ya Kiingereza ipo.