Moto Chini ya Majivu: Jinsi Madaktari Walivyojifunza Kuipima Saratani ya Tezi

Mpishi ajuaye kazi yake hatazami ukubwa wa rundo la majivu apate kujua kama moto umezimika, bali husogeza mkono. Rundo kubwa laweza kuwa baridi kabisa, na dogo likaficha kaa liunguzalo. Madaktari walioshindana na saratani ya tezi walichukua zaidi ya miaka mia kujifunza jambo hilihili, nasi twataka kueleza walivyojifunza.

Tezi tunazozisema ni zile ndogo zilizo shingoni, kwapani na kinenani, na nyingine ndani ya kifua na tumbo. Kazi yao ni kuulinda mwili. Ndiyo maana mtu mwenye kidonda mguuni huota mtoki, nao hupungua kidonda kiponapo. Lakini uko uvimbe wa tezi usiotokana na kidonda, wala haupungui. Mwaka 1832 Thomas Hodgkin, daktari wa London, alieleza habari za wagonjwa waliokufa, ambao tezi zao na wengu zilikuwa zimevimba. Mwaka 1865 Samuel Wilks aliuita ugonjwa huo kwa jina la Hodgkin.

Siku zile daktari hakuwa na kipimo ila vidole vyake. Hata mwezi wa Novemba 1895, huko Würzburg katika Ujerumani, Wilhelm Röntgen alivumbua miali ipenyayo nyama, na baadaye tezi zilizojificha kifuani zikaanza kuonekana katika picha. Mwaka 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, ambayo huuonyesha mwili vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Kwa mashine za namna hiyo uvimbe wa ndani uliweza kupimwa kwa milimita.

Pengine hapakuhitajiwa mashine. Katika Uganda, mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, aliona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Ndivyo ilivyoanza kujulikana aina nyingine ya saratani hii. Baadaye watoto wenye ugonjwa huo walipotiwa dawa, uvimbe wa wengi ulinywea upesi, hata asiye daktari aliweza kuona.

Lakini uvimbe wa kifuani hauna adabu hiyo. Mgonjwa alimaliza dawa zake zote, na picha yaonyesha donge lingali pale. Je, ni saratani iliyo hai, au ni kovu tu? Milimita hazikuweza kujibu. Akiongezewa dawa kali pasipo haja, ataumia bure. Akiachwa naye angali mgonjwa, atakufa.

Jibu lilitoka katika sukari. Tangu miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg alikuwa ameonyesha kwamba chembe za saratani hutumia sukari kwa wingi. Mwaka 1976, huko Marekani, watu wa kwanza walidungwa namna ya sukari iliyotiwa fluorini itoayo miali, ambayo nguvu yake hupungua nusu kwa dakika 110. Mashine iitwayo PET huipokea miali hiyo, na panapoliwa sukari nyingi picha hung'aa. Basi, mkono ulikuwa umefika juu ya majivu.

Ndipo ikaulizwa: Kwa nini tungoje mwisho wa dawa? Madaktari wa Italia na Denmark waliwapiga picha wagonjwa 260 wa Hodgkin baada ya duru mbili tu za dawa, wakatoa habari zao mwaka 2007. Wale ambao mng'ao wao ulikuwa umezimika, 95 katika kila mia walikuwa salama baada ya miaka miwili, ugonjwa haujazidi wala kurudi. Wale waliokuwa wangali waking'aa, walikuwa 13 tu katika mia.

Ili kila daktari asihukumu kwa jicho lake peke yake, mkutano wa Deauville, Ufaransa, mwaka 2009 uliweka daraja tano. Mng'ao wa uvimbe hulinganishwa na ule wa ini: ukiuzidi, ni daraja ya nne au ya tano, nayo ni dalili ya hatari.

Faida yake ilionekana mwaka 2016, zilipotolewa habari za wagonjwa zaidi ya 900 ambao picha yao ya mapema ilikuwa njema. Nusu waliendelea na dawa zote nne. Nusu waliondolewa bleomaisini, dawa iwezayo kudhuru mapafu. Baada ya miaka mitatu waliokuwa salama walikaribiana, 85.7 na 84.4 katika mia, na mapafu ya waliopunguziwa dawa hayakudhurika sana kama ya wenzao.

Hata hivyo kipimo si uaguzi. Kifua kikuu nacho hung'aa katika picha, na kati ya wale mia waliotazamiwa kupona watano hawakuwa salama, na kati ya mia waliohofiwa kumi na watatu walikuwa salama. Hesabu humwonyesha daktari njia, haimhukumu mgonjwa. Na mashine yote haimfai mtu aliyebaki nyumbani. Mtoki usio na kidonda, usiopungua majuma yakipita, na upelekwe hospitali kaa lingali dogo.