Mzalendo na bunduki yake

Neno mzalendo limetokana na kuzaa: ni mtu aliyezaliwa mahali, kisha anayeipenda nchi yake. Halikuwa na bunduki ndani yake. Huko Pinga, mpakani mwa Masisi na Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwezi Mei 2022 makundi yenye silaha yaliyokuwa yakipigana yalikubaliana kuacha vita baina yao na kuwakabili waasi wa M23. Tangu hapo neno wazalendo limeenea, na leo wengi wakilisikia hufikiria kwanza kijana mwenye silaha. Hapo ndipo neno linapoficha swali la sheria: je, silaha hiyo ni halali? Sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 inadai kibali, na kifungu cha 190 cha Katiba ya 2006 kinamkataza mtu yeyote kuunda wanamgambo, kosa lake likiwa uhaini mkuu. Hakuna panapoandikwa kwamba jina zuri ni kibali.

Wapo watakaosema kijiji hakiwezi kungoja jeshi lililo mbali. Hoja hiyo ni nzito, na aliyeona nyumba zikichomwa hastahili kudharauliwa. Lakini ndiyo maana mwaka 2023 sheria iliunda jeshi la akiba: anayetaka kulinda nchi aingie humo, ajulikane, awe na mkuu wa kumwajibisha. Anayebaki nje na kutoza wapita njia fedha kwenye kizuizi cha barabarani ni mwenye silaha haramu. Wanahabari, tumwite hivyo.